Bunduki Mbili na Njiwa Ishirini na Nne

Jumapili, 8 Novemba 1970. Matrah.

Wiki moja ya saumu imekwisha, na leo Shangazi Masouda katangaza. Baada ya Idi, duka moja, mpwa mmoja. Kasema kachoka na lile gunia nililotundika katikati kugawa upande wangu na wa Sleyum, mtoto wa ami yangu. Ati linanuka, wateja wanadhani nyuma yake pamelazwa maiti. Atakayeonekana kupendwa na watu atabaki na duka zima hapa mlangoni mwa soko. Mwengine atakwenda Quriyat, analo banda lake kule ufukweni.

Quriyat! Mchanga mpaka magotini. Nani atapanda baiskeli Quriyat? Kaa?

Sleyum kasikia, kacheka, kasema inshallah kheri. Mtu anayecheka namna ile ana lake jambo.

Hesabu. Kila mmoja alianza na baiskeli ishirini na nne. Zangu chapa Njiwa, zake chapa Bunduki Mbili. Mimi nimeuza moja. Yeye tatu. Na ile yangu moja kanunua shemeji, tena baada ya dada yake kumnunia siku mbili. Njiwa hawa nimewapata kwa miaka mitano ya kuziba pancha Kuwait, juani, mikono ikinuka gundi mpaka wakati wa kula. Sikurithi hata msumari. Sleyum naye hakurithi, lakini ana bahati. Bahati si urithi ule?

Jumanne, 10 Novemba.

Sleyum kaleta sambusa za futari. Kwa nini? Nimemwambia mke wangu, Nasriya, asiziguse kwanza. Kazila nne. Nikamwangalia mpaka isha. Yuko salama, na kasema nimwulize Sleyum nyama kanunua wapi. Nikala mbili. Pilipili nyingi mno. Kusudi, nisiweze kuzungumza na wateja kesho.

Lakini nimepata kitu! Katika mazungumzo nilimwuliza kwa nini baiskeli zake zina alama ya bunduki mbili zilizopishana pale shingoni. Kajibu bila kupepesa: kiwanda chao huko Uingereza kazi yake hasa ni bunduki, baiskeli wanatengeneza pembeni. Kasema hivihivi, huku anamenya chungwa! Mtu wa kawaida angeficha. Asiyeficha dogo anaficha kubwa.

Nimelala chali nikifikiri. Kuwait niliona watu wakisusia soda kwa sababu ya wanaoitengeneza. Haikupita wiki, muuzaji akawa anaimwaga kwenye maua. Kwa nini watu wasisusie baiskeli?

Hesabu tena. Nyumba za watu wetu waliotoka Unguja, Matrah na Maskati pamoja, nazijua: sitini na tatu. Hakuna nyumba isiyo na mtu aliyeuona mtutu mwaka sitini na nne. Nyumba sitini na tatu zikisema hatutaki, Sleyum kwisha. Kwaheri Sleyum. Nisalimie kaa.

Alhamisi, 12 Novemba.

Kazi imeanza. Nimeanza na wanawake, maana mwanamume ukimpa siri anakuuliza ushahidi. Nikaenda kwa Bi Rahila, mwalimu wa skuli mpya ya wasichana Maskati. Mumewe, Ishaq, ni karani hukohuko, na ndiye aliyenunua Bunduki Mbili ya kwanza. Anaisukuma kupanda kilima cha Riyam na kuteremka nayo kama mfalme.

Nikamweleza polepole, mkono kifuani. Bi Rahila, ile baiskeli iliyoegemea ukuta wako, waliotengeneza chuma chake ndio haohao wanaotengeneza bunduki. Nilikuwa nimejitayarisha kutoa na chozi. Halikuhitajika. Akasema baba yake alipigwa mlangoni kwao Unguja, na yeye aliuona mdomo wa bunduki kabla hajamwona aliyeishika. Akasema chuma cha watu wale hakitalala uani kwake.

Nilipomsikia niliona haya kidogo. Kidogo tu. Kisha nikamwuliza kama majirani nao wangependa kujua.

Jumapili, 15 Novemba.

Mambo ni moto! Bi Rahila kapita nyumba kwa nyumba. Kina mama wamekubaliana baada ya tarawehe: hakuna mume, kaka wala mwana atakayeingia na Bunduki Mbili. Nyumba arubaini na moja tayari. Sleyum siku tatu hajauza hata kengele.

Ishaq sasa anakwenda kazini kwa miguu. Na saumu, na kilima. Kapita dukani, midomo imekauka, kaniambia Suud, Mwenyezi Mungu anakuona. Nikamwambia naam, na anaona pia nina Njiwa mzuri anakungoja. Kauliza kama nitambadilishia. Nikasema bila shaka, aongeze riale nne. Kaondoka na maneno ambayo mwezi huu siyaandiki.

Sleyum kauliza kupitia gunia: ndugu yangu, umesikia lolote? Nikasema sijasikia. Kasema labda ni Ramadhani, watu wamechoka. Kanipitishia tende ya kufungulia. Nimeipasua kwa kisu kabla ya kuila. Ina kokwa moja, kama tende zote. Nashuku zaidi.

Jambo moja linanisumbua. Tangu kazi ianze nimeuza mbili tu. Wanasusia zake lakini zangu hawanunui! Nimemwuliza Bi Rahila, kwa heshima, imekuwaje. Kasema yeye kaombwa asinunue zile, hakuombwa anunue hizi. Mwalimu huyo.

Alhamisi, 19 Novemba.

Siku mbaya.

Watu wa milimani wameteremka kununua vya Idi. Bunduki begani, jambia kiunoni, mbuzi nyuma. Nikasema hapa ndipo pa kumaliza kazi. Nikasimama mlangoni nikawatangazia kwa Kiarabu changu cha Kuwait, kwa sauti, ili na wa mbali wafaidi: jihadharini, enyi jamaa, baiskeli za upande ule zimetoka kiwanda cha bunduki!

Mbuzi mmoja alikohoa.

Akajitokeza mzee Bakhit, ndevu zimepakwa hina, kauliza bunduki zipi. Nikamwonesha alama, kwa fahari. Kateremsha yake begani, kaigeuza, kapangusa kwa kidole karibu na kifyatulio. Bunduki mbili zimepishana. Alama ileile! Ilikuwa ya baba yake, kasema, na baba yake alimpiga nayo mbuzi wa mwituni kutoka ng'ambo ya bonde, na tangu siku hiyo haijakwama hata mara moja. Kisha kaikumbatia baiskeli. Kaubusu usukani! Kawaita wenzake: njooni, njooni, ni ndugu yake hii!

Bunduki Mbili kumi na nane, asubuhi moja! Kumi na nane! Mmoja kauliza kama yake inaweza kufungwa kamba mbili za kutundikia bunduki aendapo arusini. Sleyum kasema kwa nini isiwezekane. Kafunga palepale.

Kwao bunduki ni heshima ya nyumba. Wanaicheza arusini, wanaifyatua Idi, wanailaza karibu kuliko mke. Haya yote nayaona kila siku hapa sokoni na sikuyatia kwenye hesabu. Hesabu yangu haina kosa. Kosa ni la watu, wamezidi.

Kijana mmoja wao alikuja upande wangu kwa huruma. Kaitazama alama ya njiwa. Kauliza ndege huyu ana kazi gani. Nikamwambia ni amani. Kasema kwao njiwa wanampiga risasi, wanampika na wali. Walicheka mpaka mbuzi wakakata kamba.

Sasa nimeelewa. Ile siri Sleyum kanipa makusudi. Lile chungwa! Alijua nitaitangaza. Kanitumia kama mpiga ngoma wake, bila malipo.

Ijumaa, 20 Novemba.

Nasriya kanishauri niende kwa Sleyum, nimwambie kweli, nimwombe tufanye biashara pamoja, gunia litoke, na Shangazi hatokuwa na wa kumpeleka Quriyat. Kasema wewe unajua kuziba, yeye anajua kuuza, shida iko wapi? Moyo mzuri, mke wangu. Biashara haijui.

Nina fikra bora. Wanataka bunduki? Watapata bunduki.

Nimemwita fundi Mbaluchi anayepaka milango rangi. Nikamwambia kila Njiwa ampake bunduki. Kasema yeye ni mtu wa maua na mitende. Nikamwambia bunduki ni mtende uliolala. Shida nyengine: njiwa kagongwa kwenye bati, hafutiki. Basi bunduki ikabidi iende miguuni mwake, kama kaibeba. Ya kwanza ilitoka kama upawa. Nikamwambia urefushe mtutu. Ya pili ikatoka upawa mrefu. Nikamwambia aendelee tu, kwa mbali itasomeka. Zote ishirini na moja zimekwisha kabla ya adhana. Rangi kaichanganya na mafuta ya papa, kasema itang'ara. Inang'ara. Inanuka pia.

Jumapili, 22 Novemba.

Mzee Bakhit karudi na jamaa wengine, habari zimefika mpaka milimani. Sleyum zimembakia tatu. Nikawawahi mlangoni: karibuni, karibuni, kumbe na hizi ni za ukoo uleule! Bakhit kaweka kidole kwenye alama. Kakiinua, cheusi. Kakinusa. Kaniuliza, kwa upole kabisa, njiwa huyu anakwenda vitani au anakwenda kupakua harisi?

Tangu hapo mtu akija kununua kwa Sleyum anapitia kwanza upande wangu kumwona njiwa mwenye upawa. Wananiamkia vizuri. Mmoja kaleta na watoto.

Hilo ningelivumilia. Halafu kapita Bi Rahila, anatoka skuli, na kina mama wawili. Kasimama. Katazama baiskeli moja, ya pili, ya tatu, mpaka mwisho wa mstari. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaniuliza: Suud, siku ile ulipokuja kwangu na mkono kifuani, ulikuwa unauza? Nikamjibu kwamba biashara ina mambo mengi. Kasema yeye alinihadithia baba yake, hakunipa nimchukue sokoni. Kaondoka.

Nasriya kaniondolea sahani ya futari ikiwa nzima.

Kabla ya kulala nikalipata jibu: katumwa na Sleyum huyo. Nikalala vizuri.

Jumanne, 24 Novemba.

Wananisusia! Mimi! Nyumba zote sitini na tatu. Kwa Sleyum ziliishia arubaini na moja. Hata katika kususiwa nimemshinda, na hakuna anayeliona hilo.

Ishaq karudisha baiskeli yake kwa Sleyum. Nikaketi nyuma ya gunia, sikio tayari, nikingoja ugomvi. Ishaq kasema mke wangu hataki chuma hiki uani, na mimi nimechoka na kilima. Sleyum kasema kama Bi Rahila hataki basi ndiyo haki yake, yeye mwenyewe mwaka ule wa sitini na nne alikuwa Unguja, anajua. Kamrejeshea pesa zote. Zote! Na matairi yamekwishalika! Nikangoja ujanja utokee wapi. Saa hizi bado nangoja.

Kisha Ishaq kauliza wapi atapata isiyo na bunduki. Sleyum kamwambia nenda upande wa pili, Njiwa ni baiskeli nzuri, na Suud ni fundi kuliko mimi, ile rangi ataisugua. Kaniletea mteja! Mbele ya macho yangu! Nikajitengeneza kofia. Lakini Ishaq kalitazama gunia, kasema hapana, kilima kina faida kwa tumbo.

Nimetafuta mafuta ya taa nizisugue zile bunduki. Rangi haitoki, inanipaka mikono tu. Bakhit aliitoa kwa kidole, mimi kwa mafuta ya taa haitoki! Imekwishakauka juu, chini mbichi. Hata rangi ina upande wake.

Jumatatu, 30 Novemba. Idi.

Idi ya watu. Si yangu.

Shangazi kaja dukani baada ya sala na buibui jipya. Upande wa Sleyum mtupu, umefagiwa, umefukizwa lubani. Upande wangu Njiwa ishirini na moja, wamesimama kama jeshi la wapishi. Shangazi kaegemea ya kwanza kuvuta pumzi. Alipojitenga, begani pana upawa.

Kanifokea mbele ya soko zima. Suud mwanangu, kasema, Sleyum anauza bunduki na anasema ni bunduki. Anayeitaka anachukua, asiyeitaka anarejeshewa chake. Wewe umepewa njiwa, hata njiwa humwachi akawa njiwa. Rahila kanijia nyumbani akilia, mtoto wa watu, na mimi nilimjua baba yake. Banda la Quriyat limefagiwa.

Nikamwambia Shangazi, mambo hayakwenda kwa haki, kuna mkono wa mtu. Kasema ndiyo, na mkono wenyewe una rangi nyeusi. Nikauficha.

Sleyum kalikunja gunia mwenyewe. Kanikumbatia. Macho yalikuwa mekundu, au ni moshi wa lubani. Kasema akileta mzigo mpya atanipelekea na mimi Quriyat, nimuuzie kule, faida nusu kwa nusu. Nikamwambia ahsante, nitafikiri. Sina la kufikiri: mtu hakupi nusu ila robo tatu ziko kwake. Kanipa mipira ya ndani kumi, zawadi ya Idi. Nimeitia upepo yote, nimeizamisha kwenye pipa moja moja kutafuta tobo. Haina hata tobo moja. Hatari sana mtu huyu.

Jumamosi, 5 Desemba. Quriyat.

Tumefika juzi kwa mashua ya mizigo, mimi, Nasriya na ishirini na moja. Nasriya keshapata mashoga watatu na mche wa mrehani. Mimi jana nilimpanda Njiwa mmoja ufukweni kuwaonesha watu. Tairi la mbele lilizama, mimi nikaendelea. Wavuvi walikuja kuning'oa. Hawakucheka mpaka walipofika mbali, hilo nawashukuru.

Nimekwishaona shida ya mji huu. Samaki wote, kutoka ufukweni mpaka sokoni, wanabebwa na punda wa mzee Majid. Punda tisa. Hana mshindani! Kila mtu anamsifu, na hilo peke yake latosha kumshuku mtu. Leo nimekaa naye kwenye kahawa, nikamwuliza punda hawa asili yao wapi. Kasema wazazi wao walibeba risasi milimani wakati wa vita. Na kacheka!

Nikasimama palepale. Lakini mimi si mjinga. Matrah nimesoma somo langu. Huwezi kuwaambia watu hawa kitu kimegusa bunduki, watakipenda zaidi. Kwanza uliza watu wanajali nini. Wa hapa wanajali samaki.

Basi sitataja risasi. Nitasema baruti. Baruti iliingia kwenye mgongo wa punda, ikarithiwa, na sasa samaki wanaobebwa na punda wa Majid wananuka baruti. Waliobebwa kwa baiskeli hawanuki. Nyumba za hapa nimekwishazihesabu, themanini na mbili. Hesabu haina kosa.

Nimenunua changu mmoja aliyepitia kwa punda nikamnusisha Nasriya. Kasema ananuka samaki. Kesho natafuta mtu mwenye pua.